Uji Mwepesi na Mtoto wa Miezi Sita

Kila kunapopambazuka, katika siku ambazo mpaka uko wazi, chakula huvuka daraja la Rusizi I juu ya vichwa vya wanawake. Huvuka nyanya, maharage, ndizi, viazi, mayai na mchele wa bonde la Bugarama, vyote vikielekea Bukavu. Nao samaki wadogo wa Ziwa Kivu waitwao sambaza huvuliwa na kuuzwa kando zote mbili. Askari polisi na maofisa wa uhamiaji walio zamu mahali hapo, upande wa Rwanda na upande wa Kongo vilevile, huviona vyakula hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Huwaona pia watoto wachanga waliofungwa migongoni mwa wanawake hao. Jambo lisiloonekana kwa macho ya mlinzi wa lango ni kwamba wengi wa watoto hao, wa upande huu na wa ng'ambo, hawakui kwa kimo kinachowapasa, ingawa hupitishwa kila asubuhi katikati ya soko la chakula.

Uchunguzi wa idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kuwa watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao kwa sababu ya kukosa lishe kwa muda mrefu. Mwaka 2010 walikuwa 44 katika kila 100, kwa hiyo hatua iliyopigwa si ndogo; hata hivyo, Serikali ilikuwa imejiwekea lengo la kuwapunguza hadi kufikia 19 ifikapo mwaka 2024. Katika Mkoa wa Magharibi, ambamo wilaya ya Rusizi, zamani Cyangugu, imo, hesabu ilikuwa karibu 40. Ng'ambo ya mto, katika Kivu ya Kusini, uchunguzi wa namna hiyo wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wakiwa wamedumaa.

Katika uchunguzi wa Rwanda imo hesabu nyingine inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika kila watoto 100 ambao hawajatimiza miezi sita, 81 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, kama inavyoshauriwa. Ni nchi chache duniani zinazofikia kiwango hicho. Lakini kati ya watoto wa miezi 6 hadi 23, kama mmoja tu katika watano alikuwa akipata mlo unaotosha, kwa idadi ya milo na kwa aina za vyakula. Ni wazi basi kwamba akina mama huitekeleza sehemu ya kwanza ya kazi kwa uaminifu, na mambo huharibika pale kijiko kinapoingia. Kijiko, tofauti na ziwa, hutegemea fedha, nafasi ya mama, na maamuzi ya watu wengine ndani ya nyumba. Hapo ndipo baba, akiwemo baba aliyevaa sare, anapohusika.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini ni miezi sita, wala si minne au kumi. Shirika la Afya Duniani lilikubaliana juu ya umri huo mwaka 2001, baada ya kupima ushahidi wa nchi nyingi. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na kwa uzito mzuri huja duniani na akiba ya madini ya chuma aliyoipokea tumboni mwa mama. Akiba hiyo humtosha kwa muda wa miezi kama sita, kisha huisha. Maziwa ya mama yana mambo mengi mema, lakini chuma kilichomo ni kidogo mno. Kwa hiyo tangu hapo karibu chuma chote anachokihitaji mtoto ni lazima kitoke katika chakula. Asipokipata, damu hupungua, naye huwa mchovu na mwepesi wa kuugua, na ubongo, ambao katika umri huo unakua kwa kasi isiyorudi tena maishani, huukosa mmojawapo wa vijenzi vyake.

Pamoja na chuma kuna suala la nguvu. Mtoto wa miezi sita hadi minane huhitaji nguvu ya kalori kama 600 kwa siku. Maziwa ya mama humpa kama 400. Pengo la 200 ni lazima lizibwe na chakula. Katika miezi 9 hadi 11 pengo hufika 300, na baada ya mwaka mmoja huwa kama 550. Maziwa hayaachwi: mtoto anatakiwa kuendelea kunyonya hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Chakula hiki ndicho ambacho wazee wa lishe wa Tanzania walikiita chakula cha kulikiza, na ingawa kulikiza kwa maana ya zamani ni kumwachisha ziwa, kazi ya chakula hicho ni kuongeza, si kuondoa.

Hapo ndipo uji unapofika, na uji ndio kiini cha maelezo haya.

Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Kwa mlo mmoja haliwezi kupokea zaidi ya mililita 200 au 250, sawa na kikombe kimoja cha chai. Katika nyumba nyingi uji wa mtoto hupikwa mwepesi, ili aumeze bila taabu au unywewe kwa chupa, na pia kwa sababu unga ni wa kubana. Tuseme katika kikombe kimoja cha maji umetiwa unga wa kijiko kimoja kikubwa, yaani gramu 10. Unga huo, uwe wa mahindi au wa mtama, una kalori kama 35. Mtoto akinywa vikombe vitatu kwa siku amepata kalori 105. Ili apate zile 550 anazozihitaji baada ya kutimiza mwaka, ingempasa anywe vikombe zaidi ya 15 kila siku, jambo ambalo hata mtu mzima hangeliweza. Mtoto wa namna hiyo halii njaa. Tumbo limejaa maji, amelala, na mama ana hakika kwamba amemlisha. Hivyo ndivyo mtoto anavyoweza kudumaa ndani ya nyumba ambayo haikukosa unga hata siku moja, na ndiyo sababu kudumaa hakugunduliwi kwa kumtazama tu. Wenzake wa mtaani nao ni wafupi, basi huonekana ndiyo kawaida ya kabila au ya ukoo.

Kipimo cha uji mzuri hakihitaji mizani. Kijiko kikichotwa na kuinamishwa, uji ubaki juu yake; ukichuruzika kama chai, haufai. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya kupikia, au ya mawese yanayopatikana kwa wingi upande wa Kongo, kina kalori kama 40, yaani zaidi ya zile za kikombe kizima cha uji mwepesi. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa kina karibu 95. Vitu hivi viwili havigharimu sana, na hubadilisha kabisa thamani ya bakuli.

Ipo pia hekima ya kimea. Ulezi, ambao kwa Kinyarwanda huitwa uburo, ukilowekwa, ukaachwa uote, ukakaushwa juani na kusagwa, hutoa unga wenye uwezo wa ajabu: kijiko chake kidogo kikikorogwa katika uji mzito ulio vuguvugu huulainisha mara moja, hata mtoto akaumeza kwa urahisi, wakati nguvu yote iliyomo imebaki vilevile. Uji huo hurudishwa jikoni uchemke kidogo ndipo apewe. Wataalamu wa Tanzania waliuchunguza na kuueneza ujuzi huu katika miaka ya 1980, lakini wapika pombe wa maeneo haya waliujua kimea vizazi vingi kabla yao. Ni ulezi unaofaa, si mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu.

Unga na mafuta huleta nguvu, lakini haviujengi mwili. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, nywele zao zikageuka rangi na ngozi ikabambuka, na mwaka 1935 akaupa ugonjwa huo jina alilolisikia kwa wenyeji: kwashiakori, yaani ugonjwa wa mtoto anayempisha mdogo wake aliyezaliwa. Watoto hao walikuwa wameachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi mtupu. Baadaye nchi za Kivu zikawa mahali pa uchunguzi mkubwa wa ugonjwa huo, hasa katika kituo cha sayansi cha Lwiro, kaskazini ya Bukavu, ambako madaktari walishughulika kwa miaka mingi na watoto wa vijiji vilivyoishi kwa ndizi, mihogo na viazi. Kule Kampala, katika hospitali ya Mulago, kituo cha Mwanamugimu kilifunguliwa mwaka 1965 ili kuwafundisha akina mama kwa vitendo. Chakula kilichofundishwa huko, kiitwacho kitobero, hakikuletwa kutoka nje: ni ndizi au viazi vilivyochanganywa na maharage au karanga, na samaki au nyama au yai, pamoja na mboga, vikapikwa pamoja na kupondwa. Zamani ilidhaniwa kwamba kwashiakori huletwa na kukosa protini peke yake. Siku hizi inafahamika kuwa sababu zake ni nyingi zaidi. Lakini mchanganyiko wa kitobero haujapata kukanushwa na mtu yeyote.

Rusizi ina vyote vya kufanyia mchanganyiko huo, na cha kwanza kabisa ni sambaza. Samaki huyu si wa asili ya Ziwa Kivu. Ni jamii ya dagaa wa Kigoma, na alihamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu lilikuwa na samaki wachache mno. Amestawi hata leo taa za wavuvi wake huonekana usiku kama mji ulioko majini. Huliwa mzima, pamoja na mifupa, kwa hiyo huleta protini, chuma na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Akikaushwa vizuri bila chumvi nyingi, akasagwa na kuchujwa kwa chujio, kijiko kimoja cha unga wake katika bakuli la mtoto hutosha, na mfuko mdogo hudumu siku nyingi. Inasikitisha kuona samaki huyo akiuzwa kama kitafunio cha baa, akitanguliwa na bia, huku mtoto wa mnunuzi nyumbani akinywa uji wa mahindi.

Maharage nayo ni chakula cha kila siku, na wakulima wa Rwanda tangu mwaka 2010 wamepewa mbegu za aina zenye chuma nyingi zaidi. Hupikwa yakaiva sana na kupondwa, maganda yakaondolewa kwa mtoto aliye mchanga zaidi. Yai lililoiva vizuri linafaa tangu miezi sita. Imani inayosikika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwamba yai humchelewesha mtoto kusema, haina msingi wowote. Na pengine iliwafaa zaidi wale waliobaki wakiyala mayai hayo. Maini, ambayo ni bei nafuu kuliko nyama ya paja, ndiyo chakula chenye chuma kuliko karibu vyote vinavyopatikana sokoni. Vipande viwili vidogo vikisagwa mara moja au mbili kwa juma ni vingi kwa mtoto. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti, papai, parachichi na dodo hukamilisha kazi.

Kuna kinywaji kimoja ambacho ni lazima kitajwe, kwa sababu Rusizi ni nchi ya chai. Mashamba ya Shagasha yako karibu na mji wa Kamembe. Chai hukizuia chuma kisiingie mwilini. Mtoto anayepewa maharage kisha akateremshiwa kwa chai amepokonywa sehemu kubwa ya chuma alichokula, na sukari iliyomo huiua hamu yake ya chakula. Asali nayo asipewe kabla ya mwaka mmoja, maana yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda.

Kwa kaya maskini, Rwanda imekuwa ikigawa tangu mwaka 2017 unga uliotiwa vitamini na madini, uitwao Shisha Kibondo, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 na kwa akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Unga ule mwingine wa mtama, soya na mahindi, uitwao sosoma, hununuliwa madukani. Unga wa aina hizi ni msaada mkubwa, ila nao ukipikwa mwepesi, au ukipikiwa nyumba nzima kwa kuwa wakubwa nao wana njaa, humrudisha mtoto pale pale.

Mama anayevuka mpaka ana shida yake ya pekee. Huondoka alfajiri na kurudi jioni. Akimwacha mtoto wa miezi mitatu nyumbani, jirani humnyamazisha kwa maji na uji mapema mno, na uchafu wa chupa huleta kuhara. Akimchukua mgongoni, hunyonyeshwa lakini halishwi, maana foleni na jua havina nafasi ya bakuli. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi na kuwekwa katika chombo safi chenye kifuniko hukaa salama kwa muda wa saa nne mahali pasipo na joto kali, na mtoto aweza kupewa kwa kikombe badala ya chupa. Kuhusu foleni, ofisa aliyeko langoni anaweza kufanya jambo dogo lisilovunja sheria yoyote, nalo ni kumtanguliza mwenye mtoto. Saa moja iliyookolewa hapo ni mlo mmoja.

Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wafanyabiashara hao walipoteza mitaji yao, na mitaji yao ndiyo iliyokuwa ikinunua mayai na samaki wa nyumbani. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakiuvuka mto Rusizi kuingia Burundi. Katika hali kama hizo wanajeshi na polisi mara nyingi huwa ndio wa kwanza kukutana na mama aliye njiani, na huruma huwafanya watu kutaka kugawa maziwa ya unga na chupa. Zawadi hiyo ni ya hatari. Maziwa ya unga huhitaji maji safi yaliyochemshwa, na pasipo hayo huua. Tena mtoto akizoeshwa chupa, maziwa ya mama hupungua. Ni kwa ajili ya madhara ya namna hii kwamba nchi za dunia zilipitisha mwaka 1981 kanuni za kuzuia ugawaji holela wa maziwa hayo. Mama mkimbizi ahitajicho ni chakula chake mwenyewe, maji, na mahali pa kukaa akanyonyesha. Kama mtoto hana mama, hiyo ni kazi ya wahudumu wa afya.

Sasa kuhusu askari mwenyewe. Lawama za mtoto kudumaa zimezoea kumwangukia mama. Lakini askari aliyepangiwa lindo mbali na familia ndiye mwenye mshahara, naye hupeleka fedha kwa jumla, akiuliza ada ya shule na kodi ya nyumba, pasipo kuuliza bakuli la mdogo kabisa lilikuwa na nini ndani yake. Anaporudi likizo huchinjiwa kuku, akapewa firigisi na paja, na mtoto wa miezi minane akaambulia mchuzi. Mchuzi hauna nyama. Chuma na protini zimebaki katika kile kilichotafunwa na baba. Askari wa kike naye, akirudi kazini mtoto akiwa bado mchanga, humwachia msaidizi wa nyumbani ambaye hakuna aliyemfundisha uzito wa uji.

Kuanza kwenyewe hakuna taabu. Siku za kwanza ni vijiko viwili vitatu vya chakula kilichopondwa laini, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Kufikia miezi minane, milo miwili au mitatu. Kuanzia miezi tisa, milo mitatu au minne, nusu bakuli kila mara, tena vipande vidogo anavyoweza kushika mwenyewe. Baada ya mwaka, karibu bakuli zima la mililita 250, kutoka katika chungu cha nyumba. Apewe sahani yake peke yake, maana katika sinia la pamoja kaka zake wana mikono mirefu. Mikono ya mlishaji ioshwe kwa sabuni. Pwani ya Kivu si ngeni kwa kipindupindu. Mtoto anayesukuma chakula kwa ulimi hajakikataa, bado anajifunza kumeza, na huenda ladha mpya ikahitaji kurudiwa mara kumi. Kumshika kwa nguvu na kummiminia uji kinywani kwa kiganja, kama ifanywavyo mahali pengine, humfundisha kukiogopa chakula na huweza kumpalia.

Katika vijiji vya Rwanda wajumbe wa afya huwapima watoto mkono kwa utepe wenye rangi, na majiko ya kijiji huonyesha mapishi ya mchanganyiko. Baba hakatazwi kuhudhuria. Utepe hugundua kukonda. Kudumaa hugunduliwa kwa ubao wa kupimia urefu katika kituo cha afya, basi safari ya chanjo ya surua katika mwezi wa tisa ni nafasi nzuri ya kuomba mtoto apimwe urefu pia. Mtoto akipata homa au kuhara, asinyimwe chakula: anyonyeshwe zaidi, alishwe kidogo kidogo mara nyingi, na akishapona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma mawili, mpaka alichopoteza kirudi.